Waliosimama Kwenye Duara: Sanaa, Vijana na UKIMWI katika Mitaa ya Shauri Moyo na Majengo

Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikibomoa Pangani, kijiji cha Waafrika kilichokuwa kikongwe kuliko mitaa mingi ya Nairobi. Wenye nyumba waliovunjiwa, wengi wao Waislamu na si wachache wanawake waliojijengea kwa fedha zao wenyewe, walihamishiwa nyumba mpya za baraza la mji upande wa mashariki, jirani na Pumwani. Hapo ndipo mtaa wa Shauri Moyo ulipozaliwa. Walichopewa ni vyumba vya kupanga. Haki ya kumiliki nyumba na kuwaachia watoto urithi ilibaki Pangani pamoja na vifusi.

Naanza na Pangani kwa makusudi. Habari za UKIMWI katika Eastlands husimuliwa kana kwamba ugonjwa uliwashukia watu wasio na historia, wakakaa wakingoja mashirika yaje na mabango. Ukweli ni kwamba mitaa hii ilikuwa na desturi yake ya kuzungumza mambo mazito hadharani, na desturi hiyo ilikuwa ya wanawake kabla haijawa ya vijana.

Shauri Moyo umekaa kati ya Gikomba, soko la nyama la Burma, uwanja wa Kamukunji na barabara ya Jogoo. Hatua chache kutoka hapo ziko Kaloleni, Makongeni na Muthurwa, mitaa ya wafanyakazi wa reli na wa mji. Kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni, Mwafrika alitakiwa Nairobi kama mikono ya kazi tu: aje peke yake, alale chumba kimoja na wenzake, kandarasi ikiisha arudi kwao. Mke na watoto hawakuwa kwenye hesabu. Katika pengo hilo wanawake wa Pumwani, eneo ambalo hadi leo watu huliita Majengo, waliuza chai, chakula na pombe, na wengine waliuza miili yao. Waliweka akiba, wakajenga, wakapangisha. Janet Bujra na Luise White, watafiti waliozungumza na wazee hao miaka ya 1970, walikuta kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Majengo ya zamani walikuwa wanawake. Kitabu cha White, kilichotoka 1990, ndicho kilichowaeleza wasomi wa ng'ambo jambo ambalo kila nyanya wa Majengo alilijua: kazi ile ilisomesha watoto na kuezeka mapaa.

Na kulikuwa na ngoma. Beni ilipanda kutoka pwani na matarumbeta yake na nyimbo zake za kuchambana. Ukumbi wa Pumwani Memorial na ule wa Kaloleni zikawa mahali pa dansi, ndondi, sinema na mikutano ya siasa. Mambo ya mtaa yalikuwa na mahali pa kusemwa, tena mbele za watu.

Kisa cha kwanza cha UKIMWI nchini Kenya kilitambuliwa 1984. Mwaka uliofuata, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kutoka ng'ambo, hasa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, walipima damu za wanawake waliokuwa wakiuza ngono mjini. Matokeo yalichapishwa 1986 katika New England Journal of Medicine. Katika kundi la wanawake maskini zaidi, 66 kati ya kila 100 walikuwa tayari na virusi. Majengo ikajulikana duniani kwa takwimu hiyo, na baadaye kwa jambo jingine la ajabu: baadhi ya wanawake waliohudumiwa kwenye kliniki ya watafiti hao, ingawa walikabiliwa na virusi mwaka baada ya mwaka, hawakuambukizwa. Damu zao zilisafiri hadi Winnipeg na Oxford. Kutokana na utafiti huo, chanjo ya majaribio iliyobuniwa na wanasayansi wa Nairobi na Oxford ilianza kujaribiwa Nairobi mwaka 2001, ingawa haikufikia nguvu iliyotarajiwa.

Kazi ya maabara imeandikwa sana. Kazi ya muuguzi Elizabeth Ngugi imeandikwa kidogo kuliko inavyostahili. Yeye, pamoja na madaktari kama Frank Plummer, aliona mapema kwamba kumpima mwanamke na kumpa dawa ya kisonono kisha kumwacha aende zake hakutoshi. Akaitisha mabaraza. Wanawake walikusanyika mtaani kwao, wakachagua viongozi miongoni mwao, na hao viongozi wakawa walimu wa wenzao. Mwanamke akimweleza mwenzake namna ya kumkabili mteja asiyetaka kondomu, haongei kama mtu wa wizara. Anaongea kama mtu anayemjua mteja mwenyewe. Mwaka 1988 Ngugi na wenzake walichapisha matokeo katika jarida la Lancet: matumizi ya kondomu, ambayo mwanzoni yalikuwa ya wachache mno, yalipanda sana miongoni mwa wanawake wa Majengo.

Sijui kama waliokuja baadaye na michezo ya kuigiza walikuwa na baraza lile akilini, lakini kanuni ni ileile: wakusanye watu mahali pao, waache waseme wao, na mwenye kuishi jambo ndiye awe mwalimu wake. Watoto wa mitaa hii walizaliwa katika miaka hiyohiyo. Mama zao walikuwa na baraza. Wao hawakuwa na kitu.

Miaka ya mwisho ya 1980 na karibu yote ya 1990 ilikuwa miaka ya kunyamaza. Serikali iliogopa kupoteza watalii. Mapema 1987 jeshi la Uingereza lilipowakataza askari wake kwenda likizo pwani ya Kenya kwa hofu ya UKIMWI, Nairobi ilikasirika kuliko ilivyojiuliza. Mpango wa kufundisha elimu ya maisha ya familia shuleni ulikwama kwa upinzani wa viongozi wa dini. Mwaka 1996, katika bustani ya Uhuru, Kadinali Maurice Otunga na Imamu Ali Shee waliongoza uchomaji wa kondomu na vijitabu vya elimu ya UKIMWI. Kijana wa miaka 14 aliyekuwa Shauri Moyo siku hiyo aliupata ujumbe wazi kabisa: jambo hili halizungumzwi, na anayelizungumza anachomewa vitabu vyake.

Nyumbani nako hakukuwa na afueni. Katika desturi za jamii nyingi za Kenya, mambo ya mwili kijana alifundishwa na nyanya, babu, shangazi au somo. Hao walibaki ushago, au pwani. Mjini familia nzima ililala chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, mtoto akisikia kila kitu na asielezwe chochote. Alichojua alikiokota barabarani, kwenye matatu, kwenye video. Vijana wenyewe walishaupa ugonjwa majina ya Sheng ili waweze kuutaja bila kuutaja. Wakasema mtu amekanyaga waya, au ana mdudu.

Sanaa nayo haikuwa huru. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, na mwaka 1982 ukumbi wao wa wazi ukabomolewa. Kwa miaka mingi baada ya hapo kikundi kilichotaka kuigiza hadharani kilihitaji leseni, na chifu au polisi aliweza kukitawanya. Watu waliokusanyika nje kwenye duara walionekana kama mkutano wa siasa. Usisahau kwamba Shauri Moyo uko jirani na Kamukunji, ambako mkutano wa Saba Saba wa 1990, wa kudai vyama vingi, ulizimwa kwa marungu na risasi. Ndiyo maana maigizo ya mitaani kuhusu UKIMWI yalishamiri tu baada ya siasa kulegea, hasa baada ya marekebisho ya sheria ya 1997 yaliyopunguza madaraka ya kuzuia mikusanyiko.

Waliotangulia kupenya walikuwa vikaragosi. Huko Afrika Kusini, Gary Friedman alikuwa ameanzisha maonyesho ya vikaragosi dhidi ya UKIMWI mwishoni mwa miaka ya 1980. Katikati ya miaka ya 1990 mbinu hiyo ilifika Kenya, ambako shirika lililoongozwa na Eric Krystall liliunda mtandao wa wacheza vikaragosi wa afya ya jamii uliojulikana kwa kifupi kama CHAPS. Faida yake ilikuwa wazi tangu onyesho la kwanza. Mwigizaji wa nyama na damu akitaja sehemu za siri mbele ya mama mkwe wake, ameaibika na amemwaibisha kila mtu. Kikaragosi chenye kichwa kikubwa na sauti ya puani kikisema maneno yaleyale, wazee wanacheka, watoto wanacheka, na neno limeshatoka. Nani amkamate mdoli?

Redio na kanda za muziki nazo zilifanya kazi yake. Nchini Uganda, Philly Lutaaya alikuwa ametangaza mwaka 1989 kwamba ana UKIMWI, akaimba kuhusu hali yake na kuzunguka shuleni hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Kenya haikupata mwanamuziki wa kujitokeza namna hiyo, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 wimbo wa Dunia Mbaya wa Princess Jully, wa benga na kwa Kijaluo, ulipigwa kila baa na kila matanga, hata na wasiojua Kijaluo. Wakati huohuo vijana wa Dandora, Kalamashaka, walionyesha kwamba Kiswahili cha mtaani kinabeba jambo lolote zito. Baada yao kila mtaa wa Eastlands ulikuwa na vijana wa kufoka mashairi kwenye ngazi za nyumba za kaunsili.

Tarehe 25 Novemba 1999 Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa, na baraza la taifa la kudhibiti ugonjwa huo, NACC, likaundwa. Maafisa walikuwa wakitaja watu 700 wanaokufa kila siku. Hata hivyo kigugumizi hakikuisha. Mwaka 2001, serikali ilipopanga kuagiza kondomu milioni 300, Moi aliwataka Wakenya wajizuie na ngono walau kwa miaka miwili. Lakini fedha za wafadhili zilikuwa zimeanza kuingia, na mlango wa sanaa ukafunguka.

Hapa ndipo mbinu iliyobadilisha mambo ilipoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 shirika la PATH, likifanya kazi na vikundi vya vijana vya Nairobi, Mombasa na magharibi mwa Kenya, liliendeleza mtindo wa maigizo ulioitwa Magnet Theatre. Mizizi yake ilikuwa kazi ya Mbrazili Augusto Boal, aliyefundisha tangu miaka ya 1970 kwamba mtazamaji ana haki ya kuingia jukwaani na kuubadilisha mchezo. Afrika Mashariki ilikuwa na mizizi yake pia: Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wamefanya sanaa za maonyesho kwa maendeleo na wanavijiji wa Malya, mkoani Mwanza, mapema miaka ya 1980.

Nieleze jinsi mchezo wa namna hii unavyokwenda, maana ukiusoma kwenye ripoti utadhani ni mahubiri yenye ngoma.

Kikundi huja mahali palepale, siku ileile, saa ileile, wiki baada ya wiki. Ngoma inapigwa, mmoja anaruka sarakasi, mwingine anapita kwenye vibanda akiita watu. Duara linafunga. Mchezo ni mfupi. Tuseme ni msichana wa Kidato cha Pili ambaye kwao kodi ya nyumba imechelewa. Makanga mmoja humbeba bure asubuhi, humnunulia chipsi jioni. Wiki ya tatu anamtaka aje chumbani kwake. Msichana anaenda, na kabla ya lolote anatoa kondomu aliyopewa na rafiki yake. Makanga anaiangalia, anacheka kidogo. "Kwani huniamini?"

Hapo mwezeshaji anapaza sauti, waigizaji wanaganda. Anaugeukia umati: "Sasa afanye nini?"

Kwanza watu wanacheka. Kisha mtu wa nyuma anapiga kelele, "Amwache!" Mwezeshaji hamsifu. Anamwambia, "Njoo umwonyeshe." Msichana aliyesema anasukumwa na wenzake hadi katikati, anafungwa leso ya mwigizaji, anachukua nafasi yake. Anasema kwa ujasiri, "Mimi naenda zangu." Mwigizaji wa makanga, aliyefunzwa asikubali upesi, anamjibu taratibu, "Sawa. Na nauli ya kesho utatoa wapi? Na zile pesa nilimpa mamako?" Msichana anasita. Duara zima linasita naye. Kukataa kulikuwa rahisi alipokuwa amesimama pembeni. Anakuja wa pili kujaribu, kisha mvulana anajitolea kucheza nafasi ya makanga, kisha mama muuza mboga anaingilia kwa hasira kwamba mnamlaumu mtoto na mwenye makosa ni mtu mzima. Mchezo unaisha bila kumalizika. Wiki ijayo wataendelea, na waliokuja leo watarudi kwa sababu wanataka kujua. Pembeni wamekaa waelimishaji rika, kwa wale wasioweza kuuliza hadharani, na mwenye kutaka kupimwa anaelekezwa VCT, kituo cha ushauri na upimaji.

Nusu saa ya namna hii ina thamani kuliko mabango yote ya barabara ya Jogoo. Kijana anafanya mazoezi ya maneno atakayoyahitaji usiku mmoja, peke yake, bila mwezeshaji. Na watu wazima wa mtaa wanasikia, labda kwa mara ya kwanza, watoto wao wanaishi vipi.

Si Magnet Theatre pekee iliyokuwepo. Huko Mathare, chama cha michezo cha MYSA, kilichoanzishwa 1987, kilikuwa kikifunza wachezaji wake wa mpira kuhusu UKIMWI tangu miaka ya 1990, na mwaka 1997 vijana wake walipewa kamera za bei rahisi wapige picha za maisha yao. Picha hizo zikawa kitabu cha Shootback mwaka 1999. Huko Kangemi, mwigizaji Anne Wanjugu alikuwa amewakusanya watoto wa mitaani tangu 1994 katika Shangilia Mtoto wa Afrika, wakaigiza na kucheza sarakasi.

Kisha fedha zikawa nyingi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika polepole. Sisemi fedha zilikuwa mbaya. Bila fedha za Benki ya Dunia, Global Fund na mpango wa Marekani wa PEPFAR ulioanza 2003, watu wengi sana wasingekuwa hai leo. Kasoro ilikuwa katika kinachohesabiwa. Mfadhili alitaka idadi ya "waliofikiwa". Kikundi kilichocheza mara 20 kwa watu walewale 100, kikawabadilisha kidogo kidogo, kiliandika 100. Kilichopita sokoni Gikomba na spika juu ya lori kiliandika maelfu. Vijana ni werevu. Walijifunza upesi lipi linalipa. Mchezo ukarefuka, swali likafupishwa, mwezeshaji akaanza kutoa jibu mwenyewe. Fulana na kofia zikagawanywa. Vikundi vipya viliundwa kila tangazo la ruzuku lilipotoka, vingine vikiishi kwenye mkoba wa mwenyekiti. Ruzuku ilipokwisha, duara nalo lilikwisha.

Mwaka 2004 kampeni ya Nimechill ya shirika la PSI ilijaza matangazo ya redio na kuta za mji kwa vijana wenye nguo nzuri waliosimamisha vidole viwili kuonyesha wameamua kungoja. Ilipendeza, na watoto wa shule wengi waliiiga ile ishara. Lakini msichana wa chumba kimoja ambaye hakuwa na nafasi ya kuamua chochote hakumwona mtu wa kwao kwenye bango.

Ni haki pia kusema kwamba sanaa na mafunzo vina kikomo. Ushahidi wake mkubwa unatoka ng'ambo ya ziwa, Mwanza. Mpango wa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa katika jamii 20 za vijijini kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, kwa masomo ya darasani yenye maigizo na hadithi, huduma za afya zenye kuwapokea vijana, na kazi katika jamii. Watafiti waliwafuatilia vijana kwa miaka mingi. Maarifa yalipanda na yakadumu. Maambukizi ya virusi hayakupungua. Wapo waliolichukua tokeo hilo kama hukumu dhidi ya sanaa. Mimi nalisoma tofauti. Binti anaweza kujua kila kitu kuhusu kondomu na bado akakosa nauli. Waliocheza kwenye duara la mtaani walilijua hilo kabla ya takwimu, ndiyo sababu mchezo wao haukuwa ukiishia kwenye kondomu. Uliishia kwenye kodi ya nyumba.

Kasoro nyingine tulichelewa kuiona. Michezo ya mwanzo ilimaliza kwa jeneza. Msichana aliyefanya kosa alikonda, akakohoa, akafa, mama akalia, mwisho. Watu waliogopa, na kuogopa kulihesabiwa kuwa kuelimika. Lakini dawa za kupunguza makali zilikuwa zikifika; kuanzia 2006 zilitolewa bila malipo katika hospitali za umma. Watoto waliozaliwa na virusi waliishi, wakakua, wakaingia kidato cha kwanza. Walisimama kwenye duara lilelile, dawa zao zimefichwa kwenye mkoba, wakatazama wenzao wakipiga makofi mtu kama wao anapozikwa. Wengine waliacha dawa kwa aibu ya kuonwa wakizimeza. Vikundi vilivyoelewa mapema vilibadilisha mchezo: jeneza likaondoka, akaingia kijana anayekunywa dawa zake, anayecheza mpira, anayependa na kupendwa. Leo tunajua kwa uthabiti wa kisayansi kwamba mtu anayemeza dawa zake hadi virusi visionekane tena kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Jambo hilo lilistahili michezo elfu moja ya mitaani. Halijapata hata sehemu yake.

Sanaa ilihamia kwenye skrini. Novemba 2009 MTV ilianza kuonyesha Shuga, tamthilia iliyorekodiwa Nairobi, ambamo Lupita Nyong'o aliigiza kabla dunia haijamjua. Mwaka 2010 likaja Shujaaz, jarida la katuni lililoandikwa kwa Sheng na kugawanywa bure, lenye kijana Boyie anayerusha redio yake kutoka chumbani. Mwaka 2012 lilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa ya kazi za kidijitali. Kazi zote mbili zilikuwa nzuri, na zote ziliwachukulia vijana kama watu wenye akili. Lakini skrini haikuruhusu uingie ndani, uvae leso, ujaribu.

Kwa miaka kadhaa takwimu za nchi zilipendeza. Utafiti wa kitaifa wa 2007 ulikuta watu 7 hivi kati ya 100 wakiwa na virusi. Ule wa 2018 ulikuta chini kidogo ya 5. Lakini kati ya tafiti hizo mbili NACC ilitoa ripoti iliyowashtua hata waliozoea ripoti: mwaka 2015, vijana wa miaka 15 hadi 24 walikuwa asilimia 51 ya maambukizi mapya ya watu wazima, kutoka asilimia 29 mwaka 2013. Wanaofanya hesabu hizi watakwambia makadirio hubadilika mbinu ikibadilika, na ni kweli. Hata ukipunguza, mzigo ulikuwa mabegani mwa watoto, na wasichana ndio walioelemewa nao zaidi. Mpango wa DREAMS wa Marekani uliletwa kwa ajili ya wasichana hao, ukifanya kazi katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa karo, vikundi vya usalama na huduma za afya. Mwaka 2017 Kenya ikaanza kutoa PrEP, kidonge cha kila siku cha kujikinga. Sasa kulikuwa na mambo mengi ya kuzungumza kwenye duara kuliko wakati wowote, na maduara yalikuwa yamebaki machache.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Nchini Kenya vituo vya kuwahudumia vijana na makundi yaliyo hatarini vilifunga milango, waelimishaji rika wakaambiwa wasirudi, kliniki maalumu za UKIMWI zikaingizwa kwenye foleni ya kawaida ya wagonjwa. Kijana wa miaka 16 anayetaka kidonge cha PrEP sasa anapanga foleni nyuma ya rafiki ya mama yake.

Na Shauri Moyo wenyewe unabadilika. Mitaa mikongwe ya Eastlands iko kwenye mipango ya kubomolewa na kujengwa upya kwa ghorofa za nyumba za bei nafuu, na Shauri Moyo umo. Watu wanahitaji nyumba. Vyumba vile vimechoka, vyoo vya pamoja vimechoka. Ila ramani za ghorofa huhesabu vyumba, maegesho na maduka. Uwanja wa katikati ya nyumba, ule unaotosha duara la watu 100, si wa mtu yeyote, kwa hiyo ndio wa kwanza kupotea.

Kaunti ya Nairobi ina idara ya afya, ina idara ya utamaduni, ina kumbi za mitaa ambazo nyingi zimekodishwa kwa harusi na ibada za Jumapili. Vijana wanaojua kuigiza wapo, na waliofunzwa miaka ile bado wako mtaani, sasa wakiwa na watoto wao wa balehe. Malipo ya kikundi cha watu kumi kwa mwaka mzima yanawezekana, kama tutaacha kuhesabu vichwa na kuanza kuhesabu waliorudi wiki ya pili. Kwa hiyo naiomba kaunti, na naomba wakazi waidai kwenye kila kikao cha maoni kabla ya jiwe la msingi kuwekwa: ramani mpya ya Shauri Moyo iwe na ukumbi usiokodishwa, uwanja wa wazi kando yake, na kifungu kwenye bajeti ya afya cha kuwalipa vijana wa mtaa wautumie.